Vigingi Ndani ya Ziwa

Kabla sijaanza naomba mnisamehe kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akinirudishia daftari akisema herufi zangu zimelala kama watu waliotoka kwenye pombe. Tahajia nayo inanishinda. Kuna maneno nimeyaandika hivi na kisha vile kwa sababu sikujua lipi ni sahihi. Naandika polepole, mstari mmoja, halafu natazama nje, halafu mwingine. Lakini nimeona ni afadhali niyaandike haya vibaya kuliko kuyasema, kwa maana mbele ya watu mimi sauti hainitoki.

Nataka kuandika habari za jirani yetu wa zamani. Huku kwetu pwani ya chini ya Ujiji kila mtu alimwita Mzee wa Vigingi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa lini na baba yake alikuwa nani, siyajui na sikutaka kuyajua. Najua tu kwamba alishuka kutoka milimani, upande wa Kalinzi, kwa sababu alilisema hilo kila alipotaka kutuonyesha kuwa yeye ana kwao na sisi hatuna. Sisi ni watu wa ng'ambo. Baba na mama walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo kabla sijazaliwa. Baba hayupo tena. Mimi nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, lakini kwa Mzee wa Vigingi nilikuwa bado niko kwenye boti.

Niseme mapema kwamba simpendi. Wapo watakaosema mtu mzima haandikwi hivi. Basi waandike wao, vizuri, mimi nitasoma.

Nyumba yake ilizungukwa na ua wa miti mikavu iliyochongwa juu kama penseli. Miti ilisimama karibu karibu hata kuku hapenyi. Ungedhani ndani kuna mali. Ndani kulikuwa na kitanda, redio ya betri, sufuria, na mbuzi mmoja jike ambaye alikuwa mkali kama mwenyewe. Mwizi angeingia pale angetoka akiwa amemwachia kitu. Hata hivyo ua ule ulikuwa ukitengenezwa kila wakati. Mti mmoja ukilegea, siku hiyo hiyo unang'olewa na kuwekwa mwingine.

Mlango wa ua huo ulikuwa mfupi makusudi. Mtu yeyote aliyetaka kuingia ilibidi ainame mpaka mgongo ulale. Mzee alikaa ndani kwenye kigoda chake, akikutazama unavyoingia. Ukisema kutoka nje, "Shikamoo Mzee," hakuitikia marahaba. Alisema, "Inama." Ukishainama na kuingia na kusimama mbele yake, hapo ndipo aliitikia, tena kama anayekupa kitu chake.

Nilimwona sheikh wa msikiti wetu akiinama pale, mkono mmoja umeshika kofia. Nilimwona mwalimu mkuu akiinama na tai yake ikaburuza vumbi. Mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye ana tumbo kubwa, alikataa. Siku moja alisimama nje akazungumza naye juu ya ua, habari za usafi wa mazingira, akamaliza akaondoka. Baadaye Mzee aliulizwa mwenyekiti alisema nini. Akajibu kwamba mwenyekiti alizungumza na vigingi, wakaelewana wenyewe, yeye hakuhusishwa.

Watu walicheka sana kwa maneno hayo. Nami nilicheka. Hilo ndilo lililokuwa baya kwake, aliweza kukuchekesha na kesho yake akakutemea mate karibu na mguu.

Kuhusu mlango alikuwa na maelezo yake. Alisema zamani, wakati wa misafara na wa watu waliokuwa wakiteka wengine na kuwauza, miji ya milimani ilizungushiwa miti mirefu, safu mbili, na kati ya safu mbili walijaza miiba. Mlango uliachwa mmoja, mfupi. Adui akitaka kuingia lazima aingize kichwa kwanza. Walinzi walikaa ndani pembeni, na panga. "Anayeinama," alisema, "anakuonyesha shingo kabla ya uso." Kisha alikutazama shingo.

Alijua mengi kuhusu miti hiyo, siwezi kukataa. Alijua kwamba boma la vita na boma la nyumbani si kitu kimoja. La nyumbani, ambalo Waha wanaliita urugo, lilipandwa miti mibichi, nayo ikashika mizizi ikatoa majani, watoto wakacheza kivulini. La vita lilikuwa la miti mikavu tupu. Yeye alipenda la pili. Alisema mti mbichi ukishaota majani unasahau umewekewa nini. Jirani mmoja alizungushia nyumba yake miti mibichi, ikaota vizuri, kijani, na Mzee alipopita alikuwa akimwuliza ng'ombe wake atakuja lini kula huo ukuta.

Alikuwa akinunua miti kwa watu walioshuka nayo kutoka milimani. Kabla ya kukubali aliigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, kisha akailamba. Ndiyo, aliilamba, kwa ulimi, penye jeraha la shoka. Mti uliokuwa na utamu aliutupa, alisema mchwa nao wana ulimi. Uliokuwa mchungu aliuchukua. Sehemu ya chini aliichoma kwenye moto mpaka ikawa nyeusi, ndiyo ikazikwa. Na alizika mti ukiwa umegeuzwa, upande uliokuwa juu msituni ukaenda chini ardhini, ili maji yasipande ndani yake. Haya nayakumbuka kwa sababu niliyaona kwa miaka kupitia nafasi kati ya kigingi na kigingi. Hakuna aliyenifundisha.

Habari zake za zamani alipenda kuzisimulia jioni kabla ya magharibi, ameketi nje ya ua wake, watu wakisimama. Alieleza mashimo yaliyochimbwa njiani yakawekwa vigingi vyenye ncha chini yake, yakafunikwa majani, na adui akaja akiimba akatumbukia. Hapo alipiga makofi. Alieleza jinsi ngoma ilivyopigwa watu wa mashamba wakakimbilia ndani, mlango ukafungwa kwa magogo, na adui akazunguka nje usiku kucha kama fisi. Alisimulia vizuri mno. Hata mimi niliyemchukia nilisimama na ndoo kichwani nikasahau uzito.

Mama yangu naye alikuwepo siku moja. Mama si mtu wa kuongea na wanaume wazee, na Kiswahili chake ni cha ng'ambo, watu humcheka. Lakini siku hiyo aliuliza.

"Mzee, na wale waliobaki inje, walikuwa nani?"

"Adui."

"Hapana. Watu ya kijiji. Wale mlango ilifungwa hawajafika."

"Hao ni waliochelewa," akasema.

"Walichelewa, ao walifungiwa?"

Mzee alicheka, akawaambia wengine kwamba mwanamke huyu anaulizia ndugu zake. Watu wakacheka pia. Mama akanishika mkono tukaenda. Sikuwahi kusikia katika hadithi zake zote mtu hata mmoja aliyekuwa nje isipokuwa adui. Yeye mwenyewe, katika kila hadithi, alikuwa ndani.

Sasa nifike kwenye ziwa, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Bomba la mtaa wetu linatoa maji siku linapojisikia. Siku nyingine zote tunachota na kufua ziwani. Na ziwa letu lina mamba. Si wengi, lakini hata mmoja anatosha. Nilipokuwa mdogo mamba alimchukua mwanamke mmoja akiwa anasuuza vyombo. Baada ya hapo Mzee wa Vigingi alisema anaweza kujenga ua ndani ya maji. Kila nyumba ilete miti, yeye atachonga na kusimamisha.

Na alifanya. Sitaficha sifa yake. Aliingia majini mwenyewe, mzee tayari, akazama na kutoka, akizungusha na kugongomea vigingi kuanzia nchi kavu, vikaenda mpaka maji ya kifuani, vikazunguka na kurudi nchi kavu upande wa pili. Ncha zote ziliegemea kidogo upande wa kilindini. Upande wa ufukweni aliweka mlango, mfupi kama wa kwake. Asubuhi alifungua, jioni alifunga. Kila baada ya upepo mkubwa alishuka peke yake kwenye baridi kukagua. Tangu ua huo ulipojengwa, hakuna aliyeguswa na mamba akiwa ndani.

Lakini mama alifulia nje.

Alikuwa amepeleka miti kama wengine. Aliibeba kichwani kutoka barabarani. Mzee aliigonga, akailamba, akaitupa kando. Miti ya nyumba zote za ng'ambo aliitupa kando. Alisema ni mitamu. Mama alileta mingine, nayo ikawa mitamu. Nyumba nyingine za ng'ambo zilielewa zikahamia ufukwe wa mbali. Mama hakuweza, tunakaa pale pale, na kazi yake ni kufulia watu. Basi alikwenda kwenye mawe yaliyo pembeni ya ua, upande wa nje, akafulia hapo, akitazama maji kwa jicho moja na nguo kwa jingine. Ile miti yake aliyoitupa Mzee, mama aliipikia mbaazi.

Miaka hiyo yote niliogopa kitu kimoja tu. Nikiwa darasani niliogopa. Nikirudi, kabla sijaweka mfuko, nilikwenda kutazama kama mgongo wa mama bado uko kwenye mawe. Wanawake waliokuwa ndani ya ua walimwonea huruma, wengine walimwita aingie Mzee akiwa hayupo. Hakuingia. Alisema akizoea kuingia kwa kujificha, siku atakayokutwa ataitwa mwizi wa maji.

Watu wanaposimulia habari za mtu kama Mzee hupenda kumtafutia kidonda. Labda aliyechukuliwa na mamba alikuwa mkewe, labda watu wa ng'ambo walimwibia. Hapana. Yule mwanamke hakuwa ndugu yake, na hakuna mtu wa kwetu aliyemfanyia chochote. Mkewe alikufa kwa homa hospitalini. Kaburi lake nalo alilizungushia vigingi, karibu karibu, hata majani ndani yake hayakuweza kukatwa, yakawa marefu kuliko msalaba.

Kisha maji yakaanza kupanda. Mtu wa ziwa hili yeyote anakumbuka. Mvua zilikuwa nyingi, ziwa likala ufukwe, likala vichanja vya kuanikia dagaa, likafika kwenye michikichi. Ncha za vigingi za upande wa kilindini zikazama. Za ufukweni zilionekana bado, kwa hiyo kila aliyeingia aliona ua umemzunguka mkono wa kulia na wa kushoto, akaridhika. Fundi mmoja wa mitumbwi alimshauri Mzee aongeze miti mirefu kule mbele. Mzee alikasirika. Alimwambia kwamba kigingi kinachoonekana ni cha kutisha mbuzi, kisichoonekana ndicho kinachoua. Akamkumbusha yale mashimo ya njiani, yaliyofunikwa majani. Mamba, alisema, atakuja akielea bila kujua, na ncha itampasua tumbo.

Tulimwamini wote. Hata mama, nadhani. Tulikuwa tumeyasikia mashimo yale mara nyingi mno.

Asubuhi moja mke wa fundi baiskeli alikuwa ndani ya ua anasuuza kitenge, maji ya magoti. Wengine walikuwa ukingoni wakipanga ndoo. Mama alikuwa kwenye mawe yake, nami nilikuwa nakamua mashuka karibu naye. Kutoka pale juu ya mawe tuliweza kuona ndani vizuri kuliko walio ndani. Mama aliona gogo limelala kando ya vigingi, kwa ndani. Akasimama. Gogo likasogea na hakukuwa na wimbi.

Mama alipiga kelele kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyeelewa neno, lakini wote walielewa sauti. Mke wa fundi aligeuka, akaona, akakiachia kitenge na kurudi kinyumenyume akaanguka nchi kavu. Kitenge kilivutwa kikazama. Kilikuwa cha njano. Nakumbuka rangi ile ikishuka.

Wanaume walikuja na mikuki na miti. Mlango ulifungwa, wakaanza kuchoma maji kila mahali ndani ya ua. Hawakupata kitu. Mamba hakuwepo. Wakakagua vigingi kimoja kimoja kwa mikono upande wa ufukweni, vyote vimesimama. Mzee alikuja, akakagua naye, akasimama akikamua maji kwenye kaptura yake.

"Ua wangu haujatoboka," akasema. "Mlango ulifungwa jana jioni. Mamba wa ziwa hawezi kuingia akatoka. Huyu ni wa mtu."

Kwetu hayo si maneno madogo. Watu huamini kuna wanaofuga mamba kwa uchawi na kuwatuma. Na husemwa sana kwamba wanaojua kazi hiyo ni watu wa ng'ambo. Mzee hakutaja jina. Aliuliza tu nani alimwona wa kwanza. Aliuliza nani anakaa nje ya ua kila siku akitazama walio ndani. Aliuliza yale maneno aliyopiga kelele yalikuwa lugha gani, na yalikuwa yanamwambia nani.

Kufikia jioni hakuna aliyeleta nguo kwetu. Kesho yake asubuhi tulikuta beseni la mama limepasuliwa kwa jiwe. Vijana walipita wakiuliza kwa sauti boti ya kwenda Kongo inaondoka lini. Mke wa fundi, ambaye mama alimwokoa, alifunga dirisha tulipopita. Mama alianza kukunja vitu vyetu, polepole, kisha akavikunjua tena. Aliniambia hatuna pa kwenda. Kule ng'ambo hakuna anayetujua, na hapa wametujua vibaya.

Mwenyekiti aliitisha kikao ufukweni. Watu walikuwa wengi. Mzee alikaa mbele kwenye kigoda chake na alisema yale yale, kwa utulivu, kama anayesimulia hadithi zake za jioni. Ua haujatoboka. Mlango ulifungwa. Aliyeingia ameingizwa. Wengine walidakia, mmoja akasema sisi tuhamishwe kwa usalama wetu wenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga usiku kucha, na hakuna hata moja lililotoka. Nilitazama kisigino cha mama.

Mwenyekiti alimwuliza mama ana la kusema.

"Mimi siko na maneno mingi," mama akasema. "Leteni mtumbwi."

"Wa kufanya nini, mama?"

"Mupakie watu ndani. Watu wanene. Halafu mtumbwi ipite juu ya ua ya Mzee."

Kijana mmoja akasema, "Mwenyekiti, hapo umeitwa wewe kwa jina." Watu wakacheka, na mwenyekiti, ambaye nadhani alikuwa bado anaukumbuka ule mlango mfupi, akavua viatu. Akaingia na wanaume wengine watatu wa uzito. Mtumbwi ukalala chini mpaka maji yakachungulia ukingoni. Fundi wa mitumbwi ndiye aliyeshika kasia.

Mzee aliambiwa apande ajionee. Akasema hapandi mti uliotobolewa katikati.

Mtumbwi ukazunguka kutoka kilindini, ukaja moja kwa moja kuelekea ua. Tulingoja upasuke. Ukapita. Haukukwaruza. Ukaingia ndani ya ua, ukageuka, ukatoka tena palepale ulipoingilia, mwenyekiti amekaa katikati kama gunia la chumvi. Fundi alisimamisha mtumbwi juu ya mstari wa vigingi, akageuza kasia akalizamisha, likashuka, likashuka, mpaka kiganja chake kikalowa.

"Mzee," akaita, "nimeupata ua wako. Uko huku chini, anakusalimia."

Nafikiri hakukusudia kusema "anakusalimia". Lakini ndivyo alivyosema, kana kwamba ua ule ni mtu, na watu wakacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena ufukweni kwetu. Mzee aliinuka. Alisema mtumbwi huo umechongwa mwembamba chini. Akachukua kigoda chake, akaenda kwake, akainama mlangoni, akafunga.

Ninachotaka kusema hapa ni hiki. Mtu yule alijua urefu wa kila kigingi, alivikata mwenyewe. Alijua maji yamefika wapi, aliishi kando yake. Hakuhitaji mtumbwi. Aliona ni afadhali mama yangu afukuzwe akiitwa mchawi kuliko mtu aseme ua wake ni mfupi. Hiyo ndiyo picha yake. Mengine yote niliyoandika, kulamba miti na hadithi za boma, ni fremu tu.

Mama hakuombwa radhi na mtu. Watu waliacha tu kuyasema yale, kama wanavyoacha wimbo uliopita. Ua ulikuwa hauna maana tena, kwa hiyo wanawake wote wakahamia kwenye mawe yetu, ambako mtu huona maji vizuri. Siku ya kwanza walikuja wamesimama na ndoo zao, hawajui wakae wapi. Mama alisogeza nguo zake pembeni. Ningekuwa mimi ningesema "Inama."

Maji yaliendelea. Yakala ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mzee, kisha vigingi vyake vya nchi kavu vikaanza kuelea kimoja kimoja, watoto wakavifanya farasi. Binti yake akaja kumchukua, wakaondoka na bodaboda, yeye katikati, kigoda mkononi. Mbuzi aliuzwa.

Nilimwona tena msimu uliopita, maji yakiwa yameshuka na wanawake wamerudi kufulia kati ya vigingi vilivyobaki, mama pamoja nao. Nilikuwa natembeza dagaa huko Rusimbi nyumba kwa nyumba. Niliingia kwenye uwanja wa nyumba za kupanga, vyumba vimepangwa mstari, hakuna ua wala geti, mbwa wa watu wanapita. Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango. Amekwisha, shingo imebaki kamba tu. Mbele yake palikuwa na tuta dogo la matembele, limezungushiwa vijiti, kila kijiti kimechongwa juu.

Nilitaka kupita. Lakini alikuwa ameniona, na mimi salamu siwezi kuimeza.

"Shikamoo Mzee."

"Inama," akasema.

Nilidhani ni kiburi kile kile. Kisha nikaona midomo inaendelea kusogea na hakuna kinachosikika. Sauti yake ilikuwa imeisha, ukitaka kumsikia ni lazima ushushe sikio. Nilisimama pale na ndoo yangu kichwani. Sikutaka. Kisha nikaitua, nikainama.

"Wewe ni wa yule mwanamke wa mawe."

"Ndiyo."

"Maji yameshuka?"

"Yameshuka."

"Vinaonekana?"

Nilijua anauliza nini. Ningeweza kudanganya. "Vinaonekana," nikasema. "Vingine vimelala, lakini ncha zinaonekana."

Akafumba macho, nikaona anatabasamu. "Basi havikuwa vifupi," akasema. "Maji ndiyo yaliyozidi."

Nikangoja. Nilidhani baada ya hapo kitafuata kitu kingine, mtu akiwa karibu na kaburi husema kitu kingine. Akafumbua jicho.

"Mama yako bado anamfuga yule?"

Maneno, yale niliyoyapanga zamani kwa ajili ya kikao, yalikuja yote kwa pamoja, nikapata moja tu.

"Mama anafulia ndani sasa," nikasema.

Akanyoosha mkono akanyoosha kijiti kimoja cha matembele kilichokuwa kimeegemea.

"Mlango anafunga nani?"

"Hakuna mlango."

"Basi huo si ua," akasema, akageuza uso.

Nikainuka, nikabeba ndoo yangu. Marahaba hakuitikia.

Nimeandika yote haya kwa sababu ninahitaji jambo. Wanawake wa ufukweni kwetu wamekubaliana kuusimamisha ua ule upya, na kila nyumba imeleta miti, ya ng'ambo na ya hapa, na hakuna aliyeilamba. Imelala mchangani hadi leo. Tunabishana tuache urefu gani juu ya maji, kwa kuwa ziwa limeshuka lakini hatujui litalala wapi mwakani. Na hatujui namna ya kukishindilia kigingi penye maji ya kifuani kisiyumbe. Anayejua ni mmoja, yuko Rusimbi, na nimewaambia siendi kuinama tena.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma, kama mnaishi kando ya ziwa au mto wenye mamba, niandikieni mnafanyaje huko kwenu. Mkimpa barua mtu yeyote anayeshuka na boti Ujiji, akamwulizia mama wa kwenye mawe, itanifikia. Mwandiko wowote nitausoma, hata ukilala kuliko wangu. Nielezeni urefu wa miti, na inavyogongomewa, na mlango mnauweka mpana kiasi gani. Na tafadhali, kama ua mnao, niandikieni pia ni nani huko kwenu anayebaki nje.